Kamera, roboti na watu wanaopitapita: jinsi ya kujenga ramani ya ndani isiyoyumbishwa na vinavyotembea

Umekaa ndani ya basi stendi. Basi la pembeni linarudi nyuma taratibu, nawe unashika kiti ukidhani ni lenu limeondoka. Kamera ya roboti hupatwa na hilohilo kila mtu anapopita mbele yake, ila yenyewe haina wa kuishtua.

SLAM ni kazi ya kujua ulipo huku ukichora ramani ya mahali ambapo hujawahi kufika, na imejengwa juu ya dhana kwamba mazingira yametulia na kinachosogea ni kamera peke yake. Ndani ya ofisi, wodi au sebule, dhana hiyo haidumu hata dakika tano. Mwongozo huu ni wa anayejua Python au C++ kiasi, ana kompyuta yenye Ubuntu, na anataka roboti yake isipotee watu wakianza kupita. Nitatumia kamera ya kina, ile inayotoa picha ya rangi pamoja na umbali wa kila pikseli. Kazi hii inawezekana kwa kamera ya kawaida yenye lenzi moja, lakini ndani ya nyumba kina kinakuondolea nusu ya taabu.

Kabla ya hatua zenyewe, tenganisha maswali mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza: kitu hiki kinasogea sasa hivi? La pili: kitu hiki kitakuwa hapahapa kesho? Jibu la kwanza linaamua roboti ijipimie kwa nini. Jibu la pili linaamua nini kiingie kwenye ramani. Kiti kilichotulia ni shahidi mzuri wa sasa na shahidi mbaya wa kesho, na programu inayompa kila kitu hukumu moja itakosea upande mmoja au mwingine.

Hatua ya 1: Anza na data iliyokwisha kupimwa

Usiwashe roboti yako kwanza. Ukianza nayo, kosa likitokea hutajua kama limetoka kwenye kamera, kwenye waya, kwenye mwanga au kwenye algoriti.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, Ujerumani, kilitoa mkusanyiko wa video za kamera ya kina unaojulikana kama TUM RGB-D. Picha zake ni za pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, na mahali halisi ilipokuwa kamera palirekodiwa na mfumo wa nje wa kufuatilia mwendo mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo una jibu sahihi la kujilinganisha nalo.

Pakua mifuatano minne ya kundi la fr3: sitting_static, walking_static, walking_xyz na walking_halfsphere. Kwenye ule wa kwanza watu wawili wamekaa kwenye meza ya ofisi, wanaongea na kupunga mikono kidogo. Kwenye ile mitatu ya walking wanainuka na kuzunguka ofisini, huku kamera ikiwa imeshikwa palepale, ikisogezwa kwenye mihimili mitatu, au ikizungushwa kwenye nusu ya tufe.

Picha za kina ni PNG za biti 16. Gawanya thamani kwa 5000 upate mita: ukuta ulio mita 2 mbele utasomeka 10000. Sifuri haimaanishi karibu sana. Inamaanisha kamera haikupata kipimo. Ukiisahau hiyo, programu yako itaona vitu vilivyobandikwa kwenye lenzi.

Picha za rangi na za kina hazikupigwa kwa wakati mmoja kabisa, hivyo zioanishe kwa skripti ya associate.py inayotolewa na mkusanyiko huohuo. Kwa kawaida hukubali tofauti ya hadi sekunde 0.02. Iache hivyo.

Hatua ya 2: Pima ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Jenga ORB-SLAM3, programu ya SLAM iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, kisha iendeshe bila kuibadilisha chochote:

```
./Examples/RGB-D/rgbd_tum Vocabulary/ORBvoc.txt \
  Examples/RGB-D/TUM3.yaml ~/data/walking_xyz \
  ~/data/walking_xyz/jozi.txt
```

Faili la jozi.txt ndilo ulilotengeneza kwa associate.py. Likianza kucheza, acha dirisha la ramani na uangalie dirisha la picha, lenye vimraba vya kijani. Kila kimraba ni alama: kona ndogo ambayo programu inaweza kuitambua tena kwenye fremu inayofuata, kama ncha ya meza au herufi kwenye bango. Mfuate mtu anapoinuka. Vimraba vimemganda kwenye shati, vinatembea naye, na mstari wa njia ya kamera unaanza kupinda kumfuata. Nguo zenye madrafti ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zina kona nyingi kuliko ukuta mweupe ulio nyuma yake.

Kosa lipime kwa zana ya evo:

```
evo_ape tum groundtruth.txt CameraTrajectory.txt -a -p
```

Chukua namba ya rmse, yaani wastani wa kosa la mahali kwa mita (kipeo cha pili cha wastani wa miraba ya makosa). Watafiti wa DynaSLAM (2018), mfumo wa SLAM wa kukabili vitu vinavyosogea, waliandika kwamba ORB-SLAM2, kaka mkubwa wa toleo hili, ilikosea mita 0.459 kwenye walking_xyz. Wale wa DS-SLAM, mfumo mwingine wa aina hiyo wa mwaka huohuo, wakaandika karibu mita 0.75 kwa programu ileile na video ileile. Hakuna aliyedanganya. Mfumo ukishapotoshwa na watu, matokeo hutegemea ni alama zipi zilichaguliwa kwa bahati na nyuzi za programu (kazi zake zinazoendeshwa sambamba) zilipishana vipi. Kwa hiyo endesha kila mfuatano mara kadhaa, uchukue namba ya katikati, na usishangilie matokeo ya mara moja.

Andika pia ni asilimia ngapi ya fremu zilipata jibu. Mfumo unaopotea katikati ya video na kukaa kimya unaweza kutoka na kosa dogo la kupendeza, kwa sababu umepimwa kwenye sehemu rahisi tu. Makala nyingi huruka namba hii.

Hatua ya 3: Kagua mwendo kwa jiometri

Utaambiwa kwamba RANSAC, mbinu ya tangu 1981, huondoa alama mbovu yenyewe. Huziondoa zikiwa chache. Inachofanya ni kuchukua alama kadhaa kwa kubahatisha, kukadiria mwendo, kisha kuhesabu ni alama ngapi zinakubaliana na kadirio hilo. Kwa sampuli za alama 8, ikiwa nusu ya alama zote zimetulia, majaribio kama 1,180 yanakupa uhakika wa asilimia 99 wa kupata angalau sampuli moja safi. Zikibaki asilimia 30, unahitaji kama 70,000. Na hata ukiwa na kompyuta ya kuyamaliza, RANSAC hufuata wengi. Mtu akipita mbele ya kamera akajaza zaidi ya nusu ya picha, mgongo wake wote unasogea kwa pamoja; wengi ni yeye.

Kwa hiyo ongeza ukaguzi wako, wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa mistari ya epipola. Fuatilia alama kutoka fremu moja hadi nyingine kwa calcOpticalFlowPyrLK ya OpenCV, kadiria uhusiano wa fremu mbili kwa findFundamentalMat, kisha pima kila alama iko umbali gani kutoka kwenye mstari ambao ingepaswa kuangukia. Ikizidi pikseli moja au mbili, ishuku. Ukaguzi huu una matundu mawili. Mtu anayetangulia roboti kwenye korido, akielekea uelekeo uleule, alama zake husogea juu ya mistari hiyohiyo na hupita bila kuulizwa. Na roboti ikigeuka papo hapo bila kusonga mbele, hesabu yenyewe haina msingi. Majibu yatakuwa ya ovyo. Soma vihisi vya mzunguko wa magurudumu, na kama roboti inageuka tu, ruka ukaguzi huu.

Wa pili ni wa kina, na kama nafasi ni ya mmoja tu, chagua huu. Chukua alama iliyokuwa kwenye fremu ya zamani, ihamishie kwenye fremu ya sasa, ukokotoe ingepaswa kuwa umbali gani. Linganisha na umbali ambao kamera imeupima. Kipimo kikiwa kifupi kuliko matarajio, kuna kitu kimeingia katikati. Kikiwa kirefu zaidi, kilichokuwepo kimeondoka, na alama hiyo ya zamani ifutwe kwenye ramani. Programu nyingi hushughulikia hali ya kwanza na kusahau ya pili, ndiyo maana ramani zao zina vivuli vya watu waliokwisha kwenda zao.

DynaSLAM walitumia kizingiti cha mita 0.4 na kulinganisha na fremu tano za zamani zinazoona eneo lilelile. Kwa chumba kidogo 0.4 ni kubwa mno: mtu aliyeegemea ukuta atapita. Kelele ya kamera za kina, yaani kuyumba kwa vipimo vyake, huongezeka kwa kadiri ya mraba wa umbali, hivyo kizingiti nacho kikue na umbali. Anza na sentimita 5 ukijumlisha 0.02 mara mraba wa umbali kwa mita. Hiyo inakupa sentimita 7 kwa kitu cha mita 1 na sentimita 37 kwa cha mita 4. Kisha rekebisha kulingana na kamera yako.

Hatua ya 4: Ongeza maski za vitu

Jiometri haimjui mtu aliyesimama tuli, na mtu huyo anaweza kuondoka sekunde ijayo. Hapa mtandao wa neva unasaidia: unachora maski juu ya kila kitu unachokitambua, pikseli kwa pikseli. Mitandao mingi iliyo tayari imefundishwa kwa mkusanyiko wa COCO wenye aina 80 za vitu, mtu akiwemo.

```
maski = np.zeros((480, 640), np.uint8)
for kitu in vitu:
    if kitu.aina == "mtu":
        maski[kitu.eneo] = 255
kiini = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_ELLIPSE, (15, 15))
maski = cv2.dilate(maski, kiini)

# alama zitafutwe kwenye picha nzima kwanza, ndipo zichujwe
salama = [a for a in alama
          if maski[int(a.pt[1]), int(a.pt[0])] == 0]
```

Mambo mawili kwenye mistari hiyo. Kupanua maski kwa cv2.dilate si urembo: mtandao hukosea pembezoni mwa mwili, na alama nyingi mbovu hukaa hapohapo, kwenye mpaka wa bega na ukuta. La pili ni lile lililo kwenye maelezo ya msimbo. Wapo wanaopaka rangi nyeusi sehemu yenye mtu kisha ndipo wanatafuta alama. Matokeo yake, ukingo wa doa jeusi unakuwa kona kali kuliko zote kwenye picha, na umejitengenezea alama mpya zinazotembea na mtu yuleyule uliyekuwa unamfukuza.

Tatizo la maski ni muda. Mask R-CNN, ambayo DynaSLAM iliitumia, ilichukua milisekunde 195 kwa picha moja kwenye kadi ya michoro (GPU) ya Tesla M40. Hizo ni picha tano kwa sekunde huku kamera ikileta 30. DS-SLAM waliupa mtandao mwepesi zaidi, SegNet, uzi wake wenyewe ili ukokotoe sambamba na ufuatiliaji. Mimi ningefanya hivi: maski mpya kwa fremu muhimu tu (keyframes, zile chache ambazo programu huzihifadhi kujengea ramani), na katikati yake sogeza maski ya zamani kwa kufuata mwendo wa alama zilizo ndani yake. Ukiwa na mtandao mdogo kama YOLO wa kutenga maumbo na kadi ya wastani, hata kila fremu inawezekana.

Usitegemee maski peke yake, hata hivyo. Boksi linalobebwa, mlango unaofunguka, pazia linalopepea kwa upepo wa feni na feni yenyewe ya dari: kwa COCO hivyo si vitu, havina jina. Televisheni ina jina, lakini mtandao hautakuambia kwamba kinachosogea ni picha iliyomo ndani yake. Vioo vya ukutani ni balaa zaidi, kwani kamera ya kina hupima umbali wa chumba kilicho ndani ya kioo. Vingi kati ya hivi hunaswa na ukaguzi wa hatua ya 3. Kioo hakinaswi, kibandike karatasi au uzuie eneo lake kwa mkono.

Hatua ya 5: Toa hukumu mbili, si moja

Sasa unganisha. Kila alama ina taarifa mbili: aina ya kitu ilipoangukia, na jibu la jiometri.

Alama iliyo juu ya mtu haitumiki popote, iwe inasogea au haisogei. Alama iliyo juu ya ukuta, dari, kabati au kitu kisichotambuliwa itumike kujipimia na iingie kwenye ramani, isipokuwa jiometri ikiikataa. Kinachobaki ni kundi la katikati: viti, mabegi, kompyuta mpakato, vikombe, mashina ya maua. Hivi vikitulia, vitumie kujipimia sasa, lakini usiviandike kwenye ramani ya kudumu. Kwenye chumba chenye kuta nyeupe, viti vinaweza kuwa ndivyo vyenye alama nyingi kuliko vyote. Ukivitupa kwa sababu tu vinaweza kusogezwa, unaitoboa macho roboti yako bila sababu.

Inahitaji kazi kidogo ndani ya ORB-SLAM3: kila nukta ya ramani iongezewe kibendera cha muda, na nukta zenye kibendera hicho zifutwe ramani inapohifadhiwa.

Hatua ya 6: Alama zikiisha

Watu watatu wakisimama mbele ya kamera, maski zinafunika karibu picha yote. Alama zilizobaki zikipungua chini ya 30 hivi, usiilazimishe programu kukadiria. Jibu litakuwa baya kuliko kukosa jibu. Hamia kwenye magurudumu na kipima mwendo hadi watu wapite, na fremu za kipindi hicho zisiingie kwenye ramani. Ikiwa hali hiyo inajirudia, suluhisho ni la fundi, si la programu: inua kamera, iinamishe juu kidogo ione mkutano wa ukuta na dari. Huko juu watu hawafiki, ila ile feni.

Hatua ya 7: Ramani ya kutembelea

Nukta za SLAM hazitoshi kupangia njia. Kwa hilo tumia OctoMap, inayogawa nafasi kuwa vijumba na kumpa kila kijumba uwezekano wa kuwa na kitu. Kwa mipangilio yake ya kawaida, miale ikigonga kijumba huhesabiwa 0.7, ikipita 0.4, na uwezekano hauruhusiwi kuzidi 0.97. Ukikokotoa kwa logariti, kijumba kilichojazwa hadi kikomo na mtu aliyesimama muda mrefu husafishwa na miale tisa hivi inayopita baada ya yeye kuondoka.

Inayopita, lakini. Miale huhesabika kuwa imepita pale inapogonga kitu nyuma yake. Kama nyuma ya yule mtu palikuwa na dirisha la vioo, au ukuta ulio mbali kuliko uwezo wa kamera, hakuna kipimo, hakuna miale, na kivuli chake kitabaki pale hadi kesho roboti ikikizunguka. Ukikuta kizuizi kisichoonekana katikati ya ukumbi, tazama kwanza nyuma yake kuna nini. Dawa ni kutomwandika mtu tangu mwanzo, kwa maski zile za hatua ya 4, na kuihesabu miale isiyo na jibu kama iliyopita hadi mita 3.

Na hapa kuna jambo la usalama. Uliyemfuta kwenye ramani usimfute kwenye breki. Mfumo wa kuepuka vizuizi vya karibu lazima upokee picha ya kina nzima, isiyochujwa, yenye kila mtu na kila mguu. Chujio ni la ramani na la kujipimia tu.

Hatua ya 8: Sasa chumba chako

Pima tena mifuatano ya München kwanza. DynaSLAM walishusha kosa la walking_xyz hadi mita 0.015 na DS-SLAM hadi mita 0.0247, ukifika chini ya mita 0.05 una mfumo wa kufanyia kazi. Pima na sitting_static pia, maana wakati mwingine dawa humdhuru asiyeumwa: ikiwa kosa huko limepanda kuliko la hatua ya 2, unatupa alama nyingi mno.

Kamera yako uikalibrishe kwa ubao wa drafti na OpenCV, kosa la kurudisha nukta kwenye picha (reprojection error) likae chini ya pikseli 0.5. Funga ulengaji wa otomatiki. Panga picha ya kina ilingane na ya rangi. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa 60 Hz itakuletea michirizi inayotambaa kwenye picha, na michirizi hiyo hutoa alama za uongo zinazotembea. Badilisha mpangilio uwe 50 Hz na muda wa kupokea mwanga (exposure) uwe milisekunde 10 au 20. Milisekunde 10 ni bora ikiwa chumba kina mwanga wa kutosha, kwani picha hazitaburura roboti ikigeuka.

Huna mfumo wa kufuatilia mwendo wa kuthibitisha matokeo, basi tumia sakafu. Bandika msalaba wa selotepu, weka roboti juu yake ikielekea upande unaoujua, izungushe chumba kizima, uirudishe juu ya msalaba uleule. Zima kwanza uwezo wa programu wa kufunga mzunguko, la sivyo itajisahihisha ikishatambua mahali ilipoanzia na utaona kosa dogo lisilo la kweli. Tofauti kati ya mahali inapodhani ipo na pale ilipoanzia ndiyo kosa lako. Fanya hivyo chumba kikiwa tupu, kisha uombe watu wawili wapite mbele ya kamera wakati inazunguka, mmoja akivuta kiti. Namba hizo mbili zikikaribiana, washa tena kufunga mzunguko na uiache roboti ifanye kazi.